Mrejesho: kiti cha bibi
Wakuu, niliomba ushauri kuhusu bibi yangu wa miaka 81, aliyekuwa akizama kwenye sofa na hainuki mpaka avutwe mikono. Nawashukuru sana. Mlisema nipime kutoka kisiginoni hadi nyuma ya goti: ikawa sentimita 44, fundi seremala akaweka kikalio kwenye 47. Sponji ni ngumu, na mikono ya kiti imetokeza hadi mbele ili aikandamize anapoinuka. Chini pako wazi, anarudisha miguu nyuma kwanza. Hilo ndilo lililosaidia kuliko yote, maana sofa lilizibwa chini. Jana alisimama mwenyewe akaenda kumfungulia jirani mlango. Machozi yalinitoka. Sasa namtafuta fundi wa kufunga vyuma vya kushikia chooni.