MAYDAY au PAN PAN: mpaka uko wapi, na mnara unafanya nini ukishatamka?

Mrukaji5H aliuliza:

Habari wakuu. Najiandaa na mtihani wa mawasiliano ya redio, sehemu ya dharura. Maana za MAYDAY na PAN PAN ninazo kichwani, ila nikija kwenye mifano nababaika. Injini moja inatetemeka kwenye ndege ya injini mbili, ni ipi? Abiria amezimia? Mafuta yanapungua? Pili, ujumbe wenyewe unapangwaje kama una sekunde chache tu? Tatu, kama mwongozaji ananiona kwenye rada na alishanipa namba ya transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada), bado nigeuze 7700, namba ya dharura? Na redio ikifa kabisa naanzia wapi? Fikirieni Cessna 206 kati ya Zanzibar na Dar, si ndege kubwa.

MnaraWaKusini:

Jiulize jambo moja: unahitaji msaada sasa hivi, au unaweza kusubiri? Hatari kubwa iliyokwisha kukufikia au inayokaribia kukufikia, na msaada unatakiwa papo hapo, hiyo ni MAYDAY. Jambo linalogusa usalama wa ndege au wa mtu lakini halijadai msaada wa papo hapo ni PAN PAN. Kwa mifano yako: injini inatetemeka na ya pili inavuta vizuri, PAN PAN. Ukiona moto, umeshavuka mpaka. Injini pekee ya 206 imezima juu ya mkondo wa Zanzibar, MAYDAY bila mjadala. Abiria aliyezimia, PAN PAN. Hapa watahiniwa hupenda kuongeza neno MEDICAL mwishoni, na ni kosa: mwito wenye neno hilo umetengwa kwa vyombo vya tiba vinavyolindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949, mambo ya vita hayo. Kwa mgonjwa wa kawaida sema PAN PAN, kisha eleza hali yake.

Ukisita kati ya mbili, chukua kubwa. Kuishusha baadaye ni sentensi moja.

Mpangilio wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, uko katika Kiambatisho cha 10: MAYDAY mara tatu, kituo unachokiita, jina la mwito la ndege yako, shida, unachokusudia kufanya, halafu mahali ulipo, kimo na uelekeo. Idadi ya watu na mengineyo hufuata nafasi ikipatikana. PAN PAN nayo hurudiwa mara tatu, kwa hiyo PAN husikika mara sita. Hewani inakuwa hivi:

"MAYDAY MAYDAY MAYDAY, Dar Approach, 5HABC, engine failure, ditching, 20 miles north of Dar, 3,000 feet, heading 190, 4 on board."

Angalia kwamba shida (injini imezima) na kusudio (kutua majini) vimetangulia mahali. Redio ikikatika katikati, tayari tunajua ni nani, ana nini na anaelekea kufanya nini. Mahali tunaweza kupakisia kwa ripoti yako ya mwisho au kwa rada. Anayeanza na hadithi ya jinsi mlio ulivyobadilika baada ya kupaa hutuacha gizani.

Tumia masafa uliyopo. Kuna mtu anayekujua pale, ana karatasi ya safari yako mbele yake. Kukimbilia 121.5, masafa ya dharura, ni kwa asiyekuwa akiongea na mtu yeyote, au aliyeita asijibiwe.

Kuirusha ndege ndiyo kazi ya kwanza, kujua unakokwenda ya pili, redio ya tatu. Hilo kila mwalimu analisema. Lisilosemwa sana ni kwamba redio ya VHF hufika mbali kadiri ulivyo juu: chukua kipeuo cha pili cha kimo kwa futi, zidisha kwa 1.23, unapata maili za baharini. Futi 10,000 ni kama maili 123, futi 3,000 ni 67, futi 500 ni 27 tu, na hapo hakuna mlima kati yenu. Karibu na Dar haikusumbui. Upande wa Mahale au Ruaha, ukishuka nyuma ya kilima mazungumzo yameisha. Kwa hiyo ukishaiweka ndege kwenye mwendo wake wa kunyiririka na kuchagua pa kutua, ita ukiwa bado juu.

Kuhusu transponda: kama ulishapewa namba na mnara, baki nayo mpaka uambiwe vingine, isipokuwa una sababu mahususi ya kuonekana na wengine pia. Huna namba, au huongei na mtu, weka 7700. Kwenye skrini alama yako itabadilika na kuwavuta macho hata waongozaji wa sekta ya jirani. Unapozungusha tarakimu kwenye transponda za zamani, iweke kwanza hali ya kusubiri ili usipite bahati mbaya juu ya 7500, ambayo maana yake ni ndege imetekwa.

BawaLaKushoto:

Mafuta yanastahili jibu lake peke yake, kwa sababu hapo ndipo watu wamekufa kwa kutumia maneno ya adabu.

Tarehe 25 Januari 1990, Boeing 707 ya Avianca, safari namba 52 kutoka Bogotá kupitia Medellín, ilikuwa ikielekea uwanja wa JFK, New York, katika hali mbaya ya hewa. Ilizungushwa angani kusubiri zamu mara tatu, jumla ya saa 1 na dakika 17. Msaidizi wa rubani aliomba kipaumbele, akasema mafuta yanakwisha, lakini neno la dharura halikutamkwa hata mara moja. Walipokosa kutua jaribio la kwanza, waliingizwa tena kwenye foleni kama ndege nyingine yoyote. Injini zilizima na ndege ikaanguka Cove Neck, Long Island. Walikufa watu 73 kati ya 158.

Kwa mwongozaji aliyekuwa na foleni nzima usiku ule, kipaumbele hakikuwa neno lenye utaratibu nyuma yake. Kila rubani anayekawizwa husema mafuta yanapungua, na kila ndege iliyo angani mafuta yake yanapungua. Kilichokosekana ni neno linalomlazimisha kuwaondoa wengine njiani.

Tangu 2012 ICAO imeweka ngazi mbili, na mtihani wako utaziuliza. MINIMUM FUEL unaitamka ukiwa umeshafunga uamuzi wa kutua uwanja fulani, na mabadiliko yoyote ya kibali ulichonacho yanaweza kukufanya utue na chini ya akiba ya mwisho. Hiyo si dharura na haikupi kupita mbele ya mtu. Ni taarifa kwamba kuchelewa tena hakuna. MAYDAY MAYDAY MAYDAY FUEL unaitamka hesabu ikionyesha utagusa ardhi kwenye uwanja salama ulio karibu zaidi ukiwa tayari umekula akiba hiyo. Akiba ya mwisho kwa ndege za biashara ni dakika 30 kwa injini za tabaini, zikihesabiwa kwa kuzunguka futi 1,500 juu ya uwanja, na dakika 45 kwa injini za pistoni.

Taja mafuta kwa dakika, usitaje galoni. Mwongozaji hajui 206 yako inakunywa kiasi gani kwa saa, na hapaswi kukokotoa wakati huo.

Kaskazi77:

Naongeza ajali ya Swissair, safari namba 111, ya tarehe 2 Septemba 1998. Walinusa moshi, wakasema PAN PAN badala ya MAYDAY, wakazunguka kumwaga mafuta, wakaanguka baharini karibu na Halifax, Kanada. Walikufa watu 229. Wangetamka MAYDAY mapema wangepona.

BawaLaKushoto:

Nusu ya kwanza ni kweli, hitimisho siyo. Kutoka PAN PAN hadi kutangaza dharura zilipita kama dakika 10, na kama dakika 6 baadaye ndege ilikuwa majini. Lakini wachunguzi wa Kanada walikokotoa kuwa hata wangeelekea Halifax moja kwa moja tangu mwanzo, moto ulivyoenea usingewaachia muda wa kutua salama. Kwa mtihani chukua hivi: moshi usiojulikana chanzo chake ndani ya ndege utendee kama moto, MAYDAY. Usiitumie ajali hiyo kuthibitisha kwamba neno pekee lingewaokoa.

FundiAvioniki:

Nijibu la redio kufa. Nyingi zinazoitwa zimekufa hazijafa. Anza na vitu vya bei rahisi: sauti imeshushwa? Masafa umeyaweka sawasawa, au umekosea tarakimu moja? Paneli ya sauti imechagua COM 1 au COM 2, yaani redio ya kwanza au ya pili? Halafu plagi za hedifoni. Ndege nyingi ndogo zina mbili: nyembamba ni ya maikrofoni, nene ya kusikilizia. Ikilegea nyembamba unasikia watu vizuri nao hawakusikii; ikilegea nene ni kinyume chake. Sukuma zote hadi mwisho. Jaribu hedifoni ya abiria, kisha maikrofoni ya mkononi na spika, kisha redio ya pili. Sakiti breka iliyoruka irudishe mara moja tu. Ikiruka tena iache, kuna kinachoungua huko.

Kisha kuna kitufe cha kuongelea kilichoganda, ambacho ni kibaya kuliko redio iliyokufa, maana unawafungia wote. Dalili: taa ya TX (ya kutuma) haizimiki na ghafla husikii mtu. Kuchomoa hedifoni hakusaidii kama kitufe kiko kwenye usukani: sauti yako itakatika lakini wimbi litaendelea kuziba masafa. Zima redio yenyewe. Mara nyingi mkosaji ni maikrofoni ya mkononi iliyokaliwa kwenye kiti.

Redio za ndege hutumia AM, kwa hiyo wawili wakiongea pamoja hakuna anayeshinda. Wengine husikia mluzi tu. Ndivyo ilivyokuwa Tenerife tarehe 27 Machi 1977, ndege za KLM na Pan Am zilipogongana kwenye njia ya kurukia: jibu la mnara na onyo la Pan Am vilipandana, na KLM ikasikia mluzi mahali pa maneno ambayo yangeisimamisha. Walikufa watu 583. Ukiita MAYDAY usijibiwe, inawezekana umepandana na mtu. Achilia kitufe, sikiliza sekunde mbili, rudia ujumbe mzima.

Umethibitisha imekufa? Weka 7600 kwenye transponda, namba ya redio iliyokufa. Kama hali ya hewa ni ya kuona, baki unaona, tua uwanja wa karibu unaofaa, na uwape taarifa waongozaji mara tu unapotua. Endelea kutuma hata kama husikii, ukianza na maneno TRANSMITTING BLIND DUE TO RECEIVER FAILURE (natuma bila kusikia, kipokezi kimeharibika), kila ujumbe mara mbili, na useme saa utakayotuma tena. Karibu na mnara tazama taa. Kijani isiyokatika: umeruhusiwa kutua. Nyekundu isiyokatika: ipishe ndege nyingine, endelea kuzunguka. Kijani inayomweka: rudi ujipange kutua, bado hujapewa kibali. Nyekundu inayomweka: uwanja si salama, usitue. Nyeupe inayomweka: tua hapa na uende maegeshoni. Mchana unajibu kwa kutikisa mabawa, usiku kwa kuwasha na kuzima taa za kutulia mara mbili. Wengi huanguka kwenye kijani mbili hizo.

Na usitegemee setilaiti zikusikie kwenye 121.5. Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa setilaiti za uokoaji, iliacha kuyasikiliza masafa hayo tarehe 1 Februari 2009; sasa hupokea ishara za kirushio cha dharura cha 406 MHz peke yake, na 121.5 imebaki ya waokoaji kukufuatilia wakishafika karibu.

Mrukaji5H:

Nashukuru sana wakuu. Mawili ya mwisho. Nikishasema MAYDAY nitegemee kuulizwa nini? Na injini ikiwaka tena?

MnaraWaKusini:

Kwanza utasikia ROGER MAYDAY pamoja na jina lako. Baada ya hapo mengi yanafanyika usiyoyasikia: ndege nyingine zinaondolewa njiani kwako, masafa yananyamazishwa, zimamoto na uwanja unaokwenda wanajulishwa, na mtu wa pili anakaa kando ya mwongozaji wako kupokea simu. Mwongozaji mzuri hakuhamishi masafa. Anawahamisha wengine.

Utaulizwa idadi ya watu na mafuta yaliyobaki. Ya kwanza ni ya waokoaji, wajue wanatafuta wangapi. Ya pili ina kazi mbili: dakika zinatuambia una muda gani, kilo zinawaambia zimamoto moto utakuwa mkubwa kiasi gani. Kama una mizigo ya hatari, itaje bila kuulizwa. Maswali yakija wakati mikono yako imejaa, jibu STANDBY (subiri). Ni haki yako, na mwongozaji aliyefundishwa vizuri hatakusumbua. Ukipewa kisichowezekana, sema UNABLE (siwezi), usieleze sababu. Kwenye safari ya US Airways 1549, tarehe 15 Januari 2009, iliyotua kwenye mto Hudson, New York, baada ya injini zote mbili kupoteza nguvu, mwongozaji alitoa njia moja baada ya nyingine, uwanja wa LaGuardia kisha wa Teterboro, na rubani alizikataa kwa maneno machache mno. Jina la mwito lenyewe alilikosea, akasema 1539, na kazi ikaendelea bila mtu kulisahihisha. Wote 155 walipona.

Injini ikiwaka tena, futa dharura kwenye masafa yaleyale uliyoitangazia: jina lako, CANCEL DISTRESS, injini inafanya kazi, na unakusudia nini sasa. Mnara utawatangazia wengine DISTRESS TRAFFIC ENDED ndipo waruhusiwe kuongea. Usipofuta, masafa yatabaki yamefungwa na zimamoto watakusubiri kando ya njia ya kurukia. Hata ukifuta, wengi wetu tutawaacha pale mpaka magurudumu yaguse chini, maana injini iliyozima mara moja kwa sababu usiyoijua haijapona.