Naomba ushauri: wasomaji wamekasirika kwa sababu Ororo hakumwokoa bibi. Nibadilishe mwisho?

Mshonaji wa Nkuhungu

Habari za jioni wakuu. Ndugu zangu wa Ugogo, mbukwenyi.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Nkuhungu hapa Dodoma. Mchana nashona, usiku wateja wakishaondoka naandika simulizi kwenye simu na kuituma kwenye kundi la WhatsApp. Hii inayonitoa machozi nilianza Novemba, ina sehemu 18, na ya mwisho niliituma Ijumaa. Tangu Ijumaa sijakaa vizuri kwenye cherehani.

Simulizi inamhusu Ororo, wengine mnamjua kwa jina la Storm, yule mwanamke wa nywele nyeupe anayeamrisha mvua, upepo na radi. Sikumtunga mimi. Ni wa Marvel, alianza kuonekana kwenye vitabu vyao vya picha mwaka 1975. Baba yake Mmarekani, mama yake wa ukoo wa kifalme kutoka Kenya. Wazazi walifia Cairo akiwa mdogo, akaishi mitaani kwa kuiba, halafu akashuka kwa miguu kutoka Misri mpaka Serengeti. Nilipofika hapo pa Serengeti nilifunga kitabu. Kama ameshafika Serengeti, nini kinamzuia kuja hadi kwetu, ambako mvua ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, na ikikata katikati watu wanatazama mbingu hadi shingo zinauma?

Basi nikamleta. Anafika kijiji cha upande wa Mvumi mwezi wa pili, mvua imekata, majani ya uwele yamejikunja. Bibi mmoja anampa pa kulala. Wanakijiji wakishajua uwezo wake wanamwomba mvua, anakataa. Hilo nalo sikulizua: kwenye vitabu vyenyewe, akiwa binti, aliwahi kuwaletea mvua watu waliomlea, kumbe anawakausha majirani, akakanywa. Kwa hiyo kwangu anaogopa kwamba mawingu atakayoyavuta yatakuwa ya watu wa Kondoa au Singida. Sehemu ya 17 bibi anashuka kisimani, kile cha kuchimba kwenye mchanga wa korongo, ukuta unaporomoka, anafariki. Sehemu ya 18 wanazika, na usiku ule mvua inanyesha yenyewe, bila kuitwa na mtu.

Nilidhani nimeandika kitu kizuri. Haikupita saa moja, kundi lote linawaka. "Shujaa gani huyu?" "Umetuulia bibi halafu mvua ya nini?" Wengine wamedai warudishiwe hela, maana sehemu nne za mwisho nilizifanya za kulipia, shilingi elfu moja. Kaka mmoja aliniandikia faragha: "Mimi nimekulia Bahi, usicheze na mvua yetu." Hilo ndilo limeniuma kuliko yote.

Yule bibi ni wa kwangu. Bibi yangu hakufia kisimani, alikufa kwa uzee kitandani kwake, ila mimi kila kiangazi nilipokuwa mdogo nilikaa juu ya shimo nikihesabu mpaka nione kitambaa chake cha kichwa kinatokeza. Alikuwa na kata ya kibuyu. Anachota maji ya kwanza, yana tope, anayamwaga pembeni. Anangoja yajikusanye tena. Ya pili ya mbuzi. Ya tatu ndiyo ya ndoo yetu. Hakuna siku aliyoyaharakisha.

Sasa nauliza: nibadilishe mwisho, Ororo alete mvua, bibi apone? Niifute yote? Au niiache kama ilivyo, nivumilie? Naombeni ushauri wa kweli, nitausoma wote.

Kijana wa Kisasa

Dada, mimi nimo humo kwenye kundi na ni mmoja wa waliokasirika, kwa hiyo acha nikueleze hasira yangu ilipo. Bibi kufa siyo tatizo. Watu wanakufa kwenye hadithi, na tulishazoea. Tatizo ni mstari mmoja wa sehemu ya 17. Mchanga unaporomoka, Ororo yuko hatua kumi, na wewe umeandika "alisimama akitazama." Basi. Mtu anayepaa! Sikutaka mvua mimi, nilitaka kujua kwa nini hakuinua hata mkono. Hukutuambia, ukaturukisha moja kwa moja makaburini. Nilijisikia kama nimefungiwa mlango usoni.

Mama Wawili

Usibadilishe mdogo wangu. Nimelia mpaka mume wangu akaniuliza nani kafa. Mimi nimeridhika hivyo hivyo.

Mchoraji77

Nimekua na hivi vitabu vya picha, naomba niseme kama shabiki wa Ororo. Kukataa kuleta mvua umemwandika sawasawa, wanaokulaumu kwa hilo hawamjui. Kosa lako lipo mbali na mwisho, lipo sehemu ya 9, pale anaposhuka kisimani kumsaidia bibi kuchota maji huku wanacheka. Ororo hawezi. Nyumba yao ya Cairo ilipowaangukia alifukiwa na kifusi pamoja na maiti ya mama yake, na tangu siku hiyo mahali pa kubana panamtoa akili. Huyu ndiye mwanamke wa anga. Ukimweka ndani ya shimo umemnyang'anya kila kitu. Anayemjua aliacha kukuamini sehemu ya 9, na asiyemjua hakupewa sababu ya kuelewa sehemu ya 17.

Hebu fikiria ungeliweka hilo toka mwanzo. Anafika korongoni, anakaa mbali na shimo, bibi anaona na hasemi kitu. Halafu siku ile mchanga unaporomoka, hasimami kwa ubaridi. Anasimama kwa sababu ana miaka mitano tena, na yuko Cairo.

Mshonaji wa Nkuhungu

Mchoraji77 nimekusoma mara tatu. Habari ya kifusi nilikuwa naijua, nikaiona ya Cairo, haina kazi huku. Sijui nilifikiri nini.

Lakini Kijana wa Kisasa ana hoja: hata akiwa ameganda, upepo si anaweza kuuita akiwa amesimama pale pale?

Mwanabahi

Mimi ndiye niliyekuandikia faragha. Nisamehe kwa ukali, ila nitakueleza kilichonikera, kwa sababu nimechimba visima hivyo na baba yangu.

Upepo kwanza. Mchanga wa korongo unasimama ukiwa na unyevu. Juu ukishapigwa na jua unakuwa kama unga, unateleza wenyewe. Ukileta upepo pale, unamwaga kuta zote nne. Kwa hiyo mwambie huyo ndugu kwamba upepo ungemuua bibi haraka zaidi, na Ororo mwenyewe angelijua hilo kuliko sisi sote.

Sasa bibi yako. Umeandika kachimba shimo wima, refu kuliko kimo chake, na kashuka saa sita mchana. Bibi anayejua mchanga hafanyi hivyo. Anachimba kwa upana, kama bakuli, anaacha vidaraja vya kukanyagia. Anakwenda alfajiri wakati mchanga bado umeshikana. Pakianza kuwa kirefu anaegemeza matawi ukutani. Na hashuki bila mtu juu. Wewe mwenyewe umesema ulikuwa unakaa juu ukihesabu! Umemfanya bibi wa watu aonekane mjinga ili afe. Hicho ndicho kilichoniuma, kwa sababu mama zetu hawakuwa wajinga, walikuwa peke yao. Maji yameshuka, vijana tumekuja mjini, magoti yamechoka, na ndoo lazima ijae. Kama ni lazima afe, afe kwa hayo.

Babu wa Chilonwa

Mjukuu wangu, nimesomewa huu uzi wote na mwanangu, naomba na mimi niweke neno.

Wanakijiji wako wamemwendea mgeni na kumwomba mvua siku ya tatu. Ugogo ya zamani mvua haikuombwa kwa mgeni. Ilikuwa ya mtemi, yeye ndiye aliyekuwa na mawe ya mvua, na nchi ilikuwa mikononi mwake. Najua simulizi yako ni ya siku hizi, watemi hawapo, lakini wazee wapo. Mzee mmoja angemuuliza huyo binti: umekuja kwa nani, nani amekupokea, unataka nini kwa nchi hii? Mpe mzee huyo kurasa mbili tu. Hapo kukataa kwake kutakuwa na uzito, maana na wazee nao hawatakuwa wamekubaliana kama aombwe.

Na usiiachie mvua peke yake mzigo wa njaa. Wazee wetu walitusimulia Mtunya, ile njaa ya mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza iliyofika hadi 1920. Mvua ilikosekana, ndiyo. Lakini kabla yake majeshi yalishapita, Wajerumani kisha Waingereza, yakachukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume wa kubeba mizigo. Ghala lilikuwa tupu kabla mbingu haijafunga. Hata angekuwepo huyo mwenye nywele nyeupe akainyesha, mvua ingeangukia mashamba yasiyo na mbegu wala wa kulima. Mwanabahi kasema jambo hilo hilo kwa namna yake.

Mtumishi

Mimi naona kumpa binadamu uwezo wa mvua ni kufuru. Mvua ni ya Mungu. Ifute.

Mama Wawili

Mtumishi, soma sehemu ya 18. Mvua imekuja bila Ororo kuiita. Nani mwingine kaileta?

Msimulizi Mkongwe

Mengine mmeshasema vizuri, mimi nazungumzia hela. Dada, rudisha hizo elfu moja. Si kwa sababu ya mwisho wa hadithi. Ororo ana mwenyewe, na mwenyewe ni kampuni. Sheria ya hakimiliki tunayo hapa tangu 1999, inamlinda mtunzi, siku moja itakulinda na wewe mtu akikuibia. Wenzetu wanaoandika hadithi za mashujaa wa watu, hata ile maktaba yao kubwa ya mtandaoni, AO3, iliyopata tuzo ya Hugo mwaka 2019, hairuhusu kuuza. Wanaandika kwa mapenzi, wanasomwa bure.

Kitu cha kuuza unacho tayari. Bibi ni wako, ile kata ni yako, korongo ni lako. Maliza hii ya Ororo bure, kwa heshima yake. Kisha andika ya bibi peke yake, akiwa kijana, hiyo uweke bei na mimi nitakuwa wa kwanza kulipa. Mimi niliwahi kuuza simulizi ya shujaa wa kuazima miaka ya nyuma, na nilipotaka kuipeleka ichapwe kitabu nilirudishwa mlangoni. Miezi minane ya kazi, sikuweza kuifanyia kitu.

Mshonaji wa Nkuhungu

Nimerudi. Hela nimeanza kuzirudisha jana, kuna walioniambia nibaki nazo, nimekataa. Babu, shikamoo, na asante. Mzee wa kumuuliza maswali nimeshampata, nitampa sauti ya marehemu babu yangu.

Mwanabahi, sina cha kukusamehe. Niliposoma "walikuwa peke yao" nilizima cherehani nikatoka nje.

Sehemu ya 9 nimeifuta. Sehemu ya 17 nimeiandika upya jana usiku. Sasa bibi kachimba kwa vidaraja, kaweka matawi, ni alfajiri. Ila magoti siku hiyo yamekataa. Nawawekea kipande mniambie kama ninakwenda sawa:

*Bibi alimnyoshea kata. "Shuka wewe mwanangu, leo magoti hayataki." Ororo akatazama shimo. Kule chini maji yalikuwa duara dogo, kama kisahani. Akaweka mguu kwenye kidaraja cha kwanza, mchanga ukamwagika kidogo, sauti yake kama ya mtu anayepepeta uwele. Mguu ukarudi wenyewe. Akajaribu tena, ukarudi. Jua likapanda wakiwa wamesimama hivyo. Bibi hakuuliza. Alikaza kanga kiunoni, akaichukua kata yake, akashuka.*

Kijana wa Kisasa

Hapo sawa. Hapo sina swali tena kwa nini alisimama. Nimeisoma nikiwa ndani ya daladala, nikapitiliza kituo.

Mchoraji77

"Mguu ukarudi wenyewe." Huyo ndiye Ororo. Usiongeze maelezo ya Cairo hapo, yaweke nyuma, sehemu ya 9 mpya, usiku wakiwa wanakula mlenda. Atamsimulia bibi kwa sentensi moja tu.

Mwanabahi

Jua kupanda wakiwa wanangoja, hapo ndipo mchanga unapokauka. Umeelewa. Mimi sina neno tena juu ya kifo chake.

Nina swali moja. Sehemu ya 18 ya zamani mvua inanyesha usiku wa maziko na inaishia hapo. Lakini mbuzi wa bibi walikuwa saba, na siku ile ya msiba mpaka jioni walikuwa hawajanywa. Nani aliwachotea maji?

Mshonaji wa Nkuhungu

Sikuwafikiria mbuzi. Ngoja nikaandike.