Bayogesi, gesi ya mtungi au umeme: nipikie nini hapa Njoro?

MkulimaNjoro: Hamjambo wenzangu. Moshi wa kuni umetuchosha jikoni, na mwezi ujao nanuia kujenga mtambo wa bayogesi (gesi inayotokana na samadi), kununua mtungi wa gesi wa kilo 13, au kuchukua sufuria ya presha ya umeme. Ningependelea nishati jadidifu, yaani inayojirudia bila kwisha. Mnanishauri nini?

MamaNyando: Una ng'ombe wangapi, na je, wanafugiwa zizini au wanachungwa? Maji unayatoa wapi? Samadi hukorogwa na maji ndoo kwa ndoo, kila siku, kwa hiyo bila majibu hayo hatuwezi kukushauri.

MwalimuMolo: Mimi nasimama na umeme. Kaunti yetu ya Nakuru imekaa juu ya mvuke wa joto la ardhini: Olkaria inazalisha umeme tangu 1981, na Menengai ilianza 2023. Gesi ya mtungi hutokana na mafuta na gesi asilia inayochimbwa ardhini, nayo ikishachomwa imekwisha, haijirudii. Bayogesi ni jadidifu, lakini huku kwetu Molo baridi huwazubaisha bakteria wanaotengeneza gesi hiyo, nayo hupungua.

Shitanda: Bayogesi ni nzuri ikijengwa na anayeijua kazi. Sisi, karibu na Kakamega, tulijengewa mtambo wa kuba, ule wa kujengwa chini ya ardhi, na miezi ya kwanza chai ilichemka vizuri. Baadaye mwali ukafifia hata maharagwe yakawa hayaivi. Tulipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha bomba, tusione kiputo hata kimoja. Ndipo mama alipochungulia shingo ya kuba, pale kifuniko kinapozibwa kwa udongo wa mfinyanzi na kufunikwa maji, akakuta maji yale yanabubujika: gesi yote ilikuwa inapotelea hapo. Fundi alikuwa ameshalipwa zote, na simu hakushika tena. Usimalize malipo kabla mtambo haujajaa gesi na kukaguliwa.

MsituMau: Mbona kuni mnazihesabu kama adui? Mti hupandwa ukaota tena; tatizo ni jiko linalovujisha moto.

MwalimuMolo: Kuni ni jadidifu pale tu upandaji unapolingana na ukataji, na msitu wa Mau umekatwa kuliko ulivyopandwa. Isitoshe, moshi aliolalamikia mwenzetu unabaki palepale.

MsituMau: Umeme nao ukikatika saa ya chakula cha jioni, utapikia mvuke wa Olkaria?

MkulimaNjoro: Samahani kwa kuchelewa. Ng'ombe ni wawili, mchana wanachungwa na usiku wanalala zizini. Maji ni ya mvua, kutoka kwenye tangi.

MamaNyando: Basi samadi ya mchana inabaki malishoni, na kiangazi tangi litakauka. Ningewafugia zizini kwanza, huku napikia mtungi.

Shitanda: Au aulizie mtambo wa mfuko wa plastiki, ambao ni wa bei nafuu kuliko kuba. Ila zizi lina uzio? Ng'ombe akiukanyaga mfuko, umetoboka.

MkulimaNjoro: Uzio upo upande mmoja tu. Nani ameutumia mfuko huo huku kwenye baridi?