Kikundi cha Familia: Maswali ya Hija

Zuhura: Asalaam aleikum. Ami, hivi hija ya 2020, wakati wa korona, ilifutwa? Tunabishana hapa.

Ami Salim: Waaleikum salaam. Haikufutwa, mwanangu. Umra, ile hija ndogo, ndiyo iliyotangulia kufungwa: 27 Februari wageni wa nje, 4 Machi hata wenyeji. Hija wakahiji wachache waliokuwemo ndani ya Saudia, asilimia 70 wakazi wa kigeni na 30 Wasaudi. Mwaka 2019 walihiji karibu milioni 2.5!

Khalid: Jamarati, zile nguzo za kupigwa mawe, walirushaje?

Ami Salim: Badala ya kuokota vijiwe Muzdalifa, karibu na Makka, waligawiwa vilivyotakaswa, vikiwa mifukoni. Zamzam kwenye chupa zilizofungwa, Kaaba haikuguswa. Lakini nguzo za ibada ya hija hazikupungua hata moja.

Zuhura: Na aliyeshavaa ihramu, akaambiwa uwanja wa ndege hakuna safari?

Shangazi Rukia: Hapo wengi huchanganyikiwa. Shuka si ihramu, ihramu ni nia ya kuingia katika ibada. Aliyevaa tu avue, hadaiwi kitu. Aliyekwisha kunuia ndiye muhsar, yaani aliyezuiwa: achinje, anyoe au apunguze nywele, ndipo atoke katika ihramu. Soma al-Baqara aya ya 196.

Shangazi Rukia: Kinga yake ni sharti. Unaponuia sema: "Mahali pangu pa kutoka ni pale utakaponizuia." Mtume (s.a.w.) alimfundisha hivyo Dhubaa binti Zubeir alipokuwa mgonjwa. Mwenye sharti akizuiwa anatoka bila kuchinja. Kwa hiyo vaa nyumbani ukipenda, ila nia ingoje ndege ikaribie mikati, mpaka usiovukwa bila ihramu. Wala usilale! Ukiipita bila kunuia, kuna kuchinja.

Khalid: 2021 je?

Ami Salim: Wakazi 60,000, wenye chanjo, miaka 18 hadi 65. 2022 wakaruhusiwa milioni 1 pamoja na wa nje, chini ya 65, na kipimo cha korona cha PCR ndani ya saa 72. Umri huo uliniuma sana kwa ajili ya wazee: mwenye 63 mlango ulipofungwa, ulipofunguliwa alishavuka. Kikomo cha umri kiliondolewa 2023.

Zuhura: Waliofariki wakingoja?

Shangazi Rukia: Kwa madhehebu yetu ya Shafii, aliyekuwa na uwezo tangu kabla akachelewesha, hija ni deni. Itolewe katika mali yake kabla ya kugawa mirathi, na wa kumhijia awe ameshajihijia mwenyewe.