Mrejesho: jaruba langu la mpunga lenye chumvi kule Bahi, Dodoma

Wakuu, salaam. Niliuliza kuhusu jaruba la mpunga ambalo kiangazi linatanda unga mweupe, na mvua ikinyesha maji yanatuama hadi miche inakufa. Wengi mlisema nifurikishe maji tu, chumvi ishuke. Mmoja akapinga: pima kwanza.

Vipimo vimempa haki. Chumvi imepita desisimensi 4 kwa mita (kipimo cha chumvi ya udongo), yaani ni nyingi, na sodiamu iliyong'ang'ania udongo imezidi asilimia 15. Kwa hali hiyo maji matupu yanasomba chumvi na kuiacha sodiamu, udongo unasambaratika na kuziba kabisa.

Jasi, yale madini yenye kalsiamu, nimeagiza Itigi, iliyosagwa. Nimeichanganya na udongo wa juu kwa jembe, ndipo nikafungulia maji. Kalsiamu yake inaing'oa sodiamu, maji yanaiteremsha. Lakini shughuli pevu ni mtaro wa kutolea maji! Bila huo, kwa jua letu hili, chumvi inapanda tena.

Upande wa juu maji sasa yananywea na mpunga umeshika. Chini, karibu na mbuga, bado kipara, nimeongeza samadi. Na mzee uliyeshauri majivu, hapana, yangezidisha magadi.

Nitapima tena kabla ya kuagiza jasi nyingine.