Naomba ushauri: Jumapili asubuhi bila makelele

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Ibada ya kwanza inaanza saa 1:00 asubuhi, kanisani ni mwendo wa dakika 20, watoto wanne, bafu moja. Kila mmoja dakika 10, tayari dakika 40 kabla ya chai. Nguo zinapigwa pasi Jumamosi jioni, viatu vinapakwa kiwi, lakini soksi moja ikikosekana kabati zima linamwagwa kitandani, makelele yanaanza, na tunaingia kanisani tumenuniana. Inaniuma sana, maana ndiyo siku ya Bwana. Tumejaribu kuamka saa 10:30 alfajiri. Wadogo wanasinzia kwenye mahubiri.

Je, wadogo waogeshwe usiku, asubuhi wanawe uso tu? Na soksi mnazitunzaje zisiachane?