Yaani simu imesema jiwe langu ni kioo, dola 2! Mbele ya watu!

Duara Halijatema:
Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Makosa ya herufi mtanisamehe, na msiponisamehe shauri yenu.

Kuna ile programu ya simu. Mnaijua. Unapiga picha jiwe, kiduara kinazunguka, halafu inakutajia jina na bei kama vile imezaliwa Ipanko, huku Mahenge, ikanyonyeshwa machimboni. Sitaitaja. Kuitaja ni kuipa heshima.

Leo saa nne asubuhi nipo Mahenge mjini, mgahawani, na mnunuzi niliyemsubiri wiki tatu. Nikafungua karatasi taratibu, si mnajua tunavyofungua: kunjo la kwanza, unanyamaza, kunjo la pili. Kito cha spineli, nyekundu inayoelekea pinki, gramu 7.2, nyuso zake zinang'aa utadhani malaika walikesha wakizipiga msasa. Mnunuzi akaweka kikombe chini. Wakuu, mnunuzi akiweka kikombe chini, ada ya shule imelipwa hiyo.

Ndipo mpwa wake, kijana wa suruali iliyochanwa magoti kwa pesa, akasema, "Subiri anko, niipige picha." Akaipiga hapo hapo, kwenye kivuli cha turubai la bluu, jiwe limeegemea sahani ya chapati. Kiduara kikazunguka. Akageuza simu meza nzima ione:

KIOO. Uhakika asilimia 97. Thamani: dola 2.

Dola mbili! Na akasoma kwa sauti. Mama wa chapati akauliza, "Ngapi?" Akasoma tena! Hata mbuzi aliyefungwa nje aligeuza shingo. Supu niliyowanunulia peke yake ilizidi dola 2!

Mnunuzi akamaliza chai, akanipiga bega, akasema, "Tutaonana, mdogo wangu." Mdogo wangu! Kabla ya ile simu nilikuwa "mkuu".

Dola mbili, wakuu. Asilimia 97. Hizo tatu zilizobaki ilikuwa inanionea huruma au?

Mama Ulanga:
Pole kaka. Ila ulikataa dola 2? Hali ngumu hii hahahaa.

Nimekaa Pale:
Chai hii.

Duara Halijatema:
Chai ndiyo, vikombe vitatu, na nililipa mimi.

Mzee wa Lupu:
Mdogo wangu (samahani, naona neno hilo lina kidonda), kosa ni lako. Picha inaona rangi tu. Rubi, spineli, rodolaiti na taa ya nyuma ya bajaji, kwa simu vyote ni "kitu chekundu". Refraktomita, kile kifaa cha kupima jiwe linavyopinda mwanga, ndiyo inasema ukweli: spineli inasoma 1.718, mstari mmoja basi. Rubi inakupa miwili, 1.762 na 1.770. Kama huna, tumia mizani yako ya dijitali. Funga jiwe kwa uzi, lipime likiwa linaning'inia majini. Likitoka 7.2 likasoma 5.2, limepungua 2. Gawa 7.2 kwa 2 unapata 3.6, ni spineli hiyo. Rubi inakuja kwenye 4. Kioo cha chupa hakivuki 2.6. Na ile tochi ya kukagulia noti feki, spineli ya Mahenge ukiimulika gizani inawaka kama kaa. Tochi hukuwa nayo?

Duara Halijatema:
Ilikuwa mfukoni, mzee. Ukiambiwa DOLA MBILI mbele ya mama wa chapati utakumbuka tochi wewe?

Broka Mstaafu:
Huko Ipanko 2007 lilitoka jiwe la zaidi ya kilo 50. Ile programu ingesema ni meza.

Mwaka wa Pili Jiolojia:
Afadhali yako umepewa jibu. Mimi nimepewa vipande kumi vya kutambua, nikaingia Mindat, ile tovuti ya kumbukumbu za madini, kwa kujiamini. Ni bure, ipo mtandaoni tangu 2000, watu wanaijaza kwa kujitolea, sikatai. Ila yenyewe haikisii, inataka wewe ndiye uiambie ugumu, uzito, rangi ya unga. Nikajaza ugumu 7, ikaniletea orodha ndefu kama daftari la madeni la Mangi. Bando likaishia kwenye picha za kwatzi. Mwalimu anasema "tumieni macho". Macho gani, nimevaa miwani tangu darasa la nne.

Mama Ulanga:
Mangi naye ana uzi wake, ngoja nifungue.

Kijana wa Kitalu D:
Mimi hao Mindat nina ugomvi nao wa siku nyingi. Wameandika "Merelani". Merelani ni wapi? Sisi tunaishi Mirerani, inakochimbwa tanzanaiti. Halafu ukitafuta tanzanaiti wanakwambia ni aina tu ya madini yanayoitwa zoisaiti, eti siyo madini yenyewe.

Mwaka wa Pili Jiolojia:
Ni kweli siyo. Ni zoisaiti yenye vanadi. "Tanzanaiti" ni jina la biashara, Tiffany, wale wauza vito wa Marekani, walilitoa 1968.

Kijana wa Kitalu D:
Kwa hiyo ukuta wa kilomita 24 kuzunguka machimbo tumejengea jina la biashara?

Nimekaa Pale:
Hahahaaa nimeanguka kitandani.

Duara Halijatema:
Wakuu, tulikuwa kwenye spineli yangu.

Jirani wa Voi:
Nyinyi Watanzania mko na jiwe lina jina la nchi na bado mnalia. Sisi huku Taita tumetulia na tsavorite yetu, kito cha kijani.

Broka Mstaafu:
Yenu? Mwanajiolojia Campbell Bridges aliiona kwanza huku kwetu Simanjiro, 1967. Ndiyo akaja kuitafuta huko kwenu, ikapewa jina la mbuga ya Tsavo.

Jirani wa Voi:
Mbuga ni yetu, jina ni letu. Mngeipa jina mapema, nani aliwazuia? Hata Kilimanjaro watalii tunawauzia sisi.

Kijana wa Kitalu D:
Ameanza.

Mama Ulanga:
Mlima usiuguse, jirani. Kila kitu ila mlima.

Duara Halijatema:
Dola mbili jamani.

Jirani wa Voi:
Ukiwa Amboseli unauona wote, kutoka chini mpaka juu. Huko kwenu mnaona mguu tu.

Broka Mstaafu:
MGUU?!